Kitambaa cha Muadhini

Kwanza ijulikane kwamba Harusi binti Muhidin alikuwa mwanamke wa maswali. Si ya umbea, hasha. Umbea una mwisho, maswali ya Harusi hayakuwa nao. Alipokuwa mdogo aliuliza kwa nini nazi ina macho matatu na haioni hata kwa moja. Alipokuwa mwari alimuuliza somo wake mambo ambayo somo mwenyewe ilibidi aende akaulize. Mamake, Bi Jaha, alikuwa akisema, "Mtoto huyu, Munkari na Nakiri wakija kumhoji kaburini, watarudi wamechoka wao."

Aliolewa na Mahdi, dereva wa lori la korosho, akakaa miaka saba bila mtoto. Mwaka ule wa unga wa manjano, themanini na nne, Mungu akamjaalia. Ada ni kuwa mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama, basi Harusi akafunga vitu vyake akarudi kwa wazazi wake Malindi, mtaa wa Shela, na sindano zake za kofia ndani ya kikebe. Watu wao wa asili ni wa Siyu, visiwani, na mwanamke wa Siyu asiyejua kushona kofia ya viua huyo ajitafutie kwao kwingine. Viua ni vile vitundu vidogo vinavyotobolewa kwenye bafta nyeupe, kitambaa cha pamba, kwa sindano nene, kisha kila kimoja kikazungushwa uzi mpaka kikageuka ua. Harusi alianza kuvishona akiwa na miaka saba.

Babake, Mzee Muhidin, alikuwa muadhini. Miaka thelathini na moja msikiti wa mtaa ule haukusikia sauti nyingine, na ilikuwa sauti kweli, tena mwenyewe akijua. Mtoto akizaliwa Shela, huitwa Mzee Muhidin amuadhinie sikioni, adhana sikio la kulia na ikama sikio la kushoto, ili neno la kwanza kulisikia kiumbe duniani liwe jina la Mola wake. Ameadhinia watoto wa watu wasiohesabika. Wa kwake wa damu, mjukuu, hakuwapo bado. Miaka saba alikuwa akimngoja, na kila akikutana na Mahdi humwuliza hali ya lori kwa heshima, huku macho yakiuliza jingine.

Sasa mimba imekuja, na kikohozi nacho kikaja. Kilianza Ramadhani. Watu wa nyumbani wakasema ni baridi ya daku, kisha wakasema ni vumbi, kisha ni pumu ya kurithi kwa mjomba, maana ugonjwa ambao hutaki kuutaja huwa na majina mengi. Mzee akakonda, kanzu ikamning'inia. Siku moja ya mfungo mosi, yuko kwenye adhana ya alasiri, alipofika "hayya alal-falah" kikohozi kikamkata katikati, na mtaa mzima ukabaki umesimama ukingoja neno lililobaki. Halikuja. Aliyemalizia alikuwa Mbaruk, kijana wa duka la mafuta ya taa, na aliimalizia vibaya.

Jioni ile Harusi aliona damu kwenye kitambaa cha mfukoni cha babake. Hakunong'ona wala hakulia. Alisema, "Mficha maradhi kilio humuumbua. Kesho tunakwenda hospitali, Baba, na mimi nakuja nawe."

Hospitali walimkuta muuguzi wa kifua, Sista Mumbua, Mkamba wa Kitui, mwanamke mfupi mwenye viatu vyeupe na subira nyingi. Alimpima mzee makohozi, na siku ya tatu akawaita.

"Shikamoo mzee. Hii ni kifua kikuu," alisema. "Lakini usiogope, iko na dawa. Sindano sitini, kila siku bila kukosa, halafu vidonge mpaka mwaka. Makohozi utatema kwa mkebe yenye kifuniko, madirisha ya nyumba yakae wazi, na ukiwa karibu na watu ufunge mdomo na kitambaa."

Mzee Muhidin alikuwa akilitazama tumbo la Harusi, la miezi saba.

"Na mtoto je?" Harusi akauliza. "Babangu ndiye wa kumuadhinia."

Ikabidi Sista Mumbua aelezwe adhana ya sikioni ni nini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hayo maneno yanachukua muda gani?"

"Hata maji ya chai hayachemki," alisema mzee, na hilo ndilo neno lake la kwanza siku ile.

"Mtoto mchanga ndiye mimi naogopea kuliko wote." Sista akafikiri. "Sawa. Kama hutakosa sindano hata moja, na mdomo umefungwa kitambaa kizito, na dirisha wazi, useme hayo maneno halafu utoke. Bila kitambaa, hapana mzee. Mtafute mtu mwingine."

Mtu mwingine! Pale Shela mtu mwingine alikuwa Mbaruk, ambaye huadhini kana kwamba amekanyagwa kidole. Harusi alimwona babake akifumba macho. Alijua, bila kuambiwa, kwamba msikiti umekwisha kumtoka na kwamba adhana hii moja ndiyo aliyobakiwa nayo duniani.

Lakini Harusi ni Harusi. "Sista, niwie radhi. Kitambaa kinazuiaje kitu kisichoonekana?"

Sista Mumbua akacheka. Inaonekana hakuwahi kuulizwa. Alitoa kioo kidogo mfukoni, akakishika mbele ya mdomo wa mzee. "Sema kitu hapa."

Mzee Muhidin hakuwa na kitu cha kusema isipokuwa kimoja. Akavuta pumzi, akasema "Allahu akbar" kwa sauti ya chini, kwa vituo vyake vyote na mavuto yake. Kioo kikapata ukungu, na ndani ya ukungu mkawa na vidoadoa vya maji. Sista akakifuta, akakunja kitambaa cha bendeji mara kadhaa, akamziba nacho mdomo, akamwambia aseme tena. Safari hii kioo kilibaki kina ukungu mwembamba tu, vidoadoa hamna.

"Umeona?" akamwambia Harusi. "Hayo maji ndiyo gari, mdudu ni abiria. Kitambaa hakizuii yote, lakini inapunguza sana. Gari ikikwama, abiria hafiki."

Harusi alirudi nyumbani kichwa kimejaa. Gari na abiria! Ina maana kila neno linalosemwa linatoka na maji yake? Linafika wapi? Neno kubwa linakwenda mbali kuliko dogo? Hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa amekwisha kupata njia ya kujua.

Bi Jaha alikuwa mlaji wa tambuu. Kinywa chake kilikuwa chekundu toka asubuhi mpaka isha. Harusi akatundika kipande cha bafta nyeupe kwenye kamba ya uani, akamsimamisha mamake hatua moja mbele yake.

"Haya Mama, sema."

"Niseme nini?"

"Msimulie Mbaruk anavyoadhini."

Loo! Hapo hakuhitaji kusukumwa. Bi Jaha alimsema Mbaruk toka juu mpaka chini, akaigiza sauti yake, akamsema na nyanyake aliyemlea. Alipomaliza, Harusi aliisogelea bafta akahesabu madoa mekundu, thelathini na mawili, mengine madogo mpaka uinamishe uso kuyaona. Akamrudisha mamake hatua ya pili, akamsemesha tena, akapata kumi na tisa. Hatua ya tatu, manne.

"Subhanallah," alisema Bi Jaha, akiitazama bafta. "Miaka yote hii nawatemea watu na hakuna aliyeniambia?"

"Sote tunatemeana, Mama. Yako ndiyo yenye rangi."

Kisha akamfunga kitambaa. Bafta tabaka moja: wekundu ulipenya nje. Tabaka mbili: nje palibaki kivuli cha waridi. Tabaka tatu, na Bi Jaha kahamia kumsema mamake Mbaruk, nje palikuwa peupe pe. Harusi alikigeuza kitambaa mikononi, ndani chekundu na nje cheupe, akafurahi kama aliyeokota lulu. Kuuliza si ujinga, watu wanasema, lakini hawasemi kuna raha yake pia.

Siku ile ile alishona kitambaa cha tabaka tatu chenye kamba nne, akampelekea babake. Mzee Muhidin alikitazama, hakukigusa.

"Mwanangu," alisema, "hii bafta nyeupe, ya kufunga chini ya kidevu. Unajua nani hufungwa hivi?"

Harusi alijua, akajuta kutolifikiria. Maiti hufungwa taya kwa kitambaa cheupe, mdomo usibaki wazi.

"Baba, ni cha ugonjwa tu."

"Mtanifunga taya siku nikifa. Sijafa."

Bi Jaha akaingilia, "We Muhidin, bibi yangu alivaa barakoa maisha yake yote na hakuna aliyemdhania maiti."

"Basi mimi ndiyo niwe bibi yako?" Mzee akakohoa, akageukia ukutani. "Sikivai. Na kama hamtaki nimuadhinie mjukuu wangu, semeni."

Mambo mengine yalikuwa mabaya zaidi ya maneno. Katika kasha lake, chini kabisa, mzee aliweka sanda yake, bafta nzuri aliyoletewa na hujaji mmoja kutoka Makka, imechovywa maji ya zamzam, imekunjwa ndani ya kitambaa cha hariri na vipande vya udi. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata Bi Jaha. Zamani aliitazama mara moja kwa mwaka. Sasa Harusi alimkuta na kasha wazi mara mbili katika wiki moja, na mara ya pili alikuwa akiipima sanda kwa shibiri.

"Baba, wafanya nini?"

"Naangalia nondo," akajibu. Kisha akasema, polepole, "Nikishamuadhinia huyo mtoto, hizo sindano za yule Mkamba mtaniachia. Nimechoka, mwanangu. Makalio yamekuwa chujio."

Harusi alicheka maana alichekeshwa, kisha akaenda jikoni akalia.

Aliona sasa kuwa kitambaa si cha mtoto peke yake. Mzee akikosa adhana hii, hatangoja sindano ya sitini. Basi kitambaa lazima avae, na avae kwa kupenda. Harusi akawaza: bafta ni ileile inayoshonwa sanda na ileile inayoshonwa kofia. Kofia nayo huwekwa kichwani na mtu akatoka kifua mbele. Tofauti yake na sanda ni nini? Ni viua.

Akakichukua kile kitambaa cha tabaka tatu akakichora nakshi ileile ya kofia ya Idi ya babake, mistari ya maua manane manane, akakaa kitako akatoboa na kuzungushia uzi. Alishona siku kumi na mbili, miguu imemvimba, mtoto akimpiga mateke chini ya ubavu. Alipokimaliza, alikitia wanga akakipiga pasi.

Mzee Muhidin alikipokea kwa mikono miwili. Alikivaa, akavaa na kofia yake, akaomba kioo.

"Sasa hiki," alisema, "ni kitambaa cha mtu." Akavuta pumzi, akaitoa. "Na chapumua! Kile cha kwanza nilikiona tu nikakabwa. Hiki hewa yaingia na kutoka kama mlango u wazi."

Harusi alijiona mkubwa kwa maneno yale. Na hapa ndipo pa kumkamata sikio, kwa sababu yule aliyeuliza nazi ina macho ya nini, siku ile hakuuliza. Bafta alikuwa amekwisha kuipima, akaona imepimika. Viua kwake vilikuwa maua, na tangu utotoni hakuwahi hata siku moja kukiita kiua tundu. Tena maagizo ya kofia za Idi kubwa yalikuwa yamemlemea, bafta yote ya nyumbani inaishia vichwani mwa watu.

Mzee akarudi barazani. Akarudi msikitini, safu ya mwisho, karibu na mlango, na kitambaa chake cha viua. Watu walimsifu. Wazee wawili waliuliza bei. Hospitalini alikwenda kila asubuhi kwa sindano yake, lakini huko alikwenda na kitambaa cha mfukoni cha kushikilia kwa mkono; cha viua, alisema, ni cha watu, hakiendi kunuka dawa. Kwa hiyo Sista Mumbua hakukiona. Mwezi mzima ukapita hivyo, na nyumba ikapata furaha.

Mtoto akachagua siku ya Idi.

Uchungu ulimshika Harusi takbira za alfajiri zikiwa hewani, na watu waliporudi kutoka kusali Idi, mkunga Bi Khamisa alikuwa amekwisha kumshika msichana mikononi, mzima, amefumbua macho makubwa akimtazama kila mtu usoni kana kwamba ana swali. "Huyu ni wako, hapana shaka," Bi Khamisa akamwambia Harusi, akamlaza kifuani mwake. Harusi alimnusa kichwa. Miaka saba. Machozi yalimtoka hakuyafuta.

Nje, ukumbini, Mzee Muhidin alikuwa tayari. Amekoga, ametawadha, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Alikuwa amesali Idi na kurudi mbio, na sindano yake ya siku ile, ya arobaini na tisa, aliiwahi kabla ya sala. Mahdi, aliyekuja kwa Idi, alisimama pembeni yake na soda mbili mkononi, hajui ampe nani.

"Niingie?" mzee akauliza mlangoni.

"Ngoja kidogo," Bi Jaha akajibu kutoka ndani. "Nakifukiza kitambaa chako. Mjukuu akusikie na harufu njema."

Alikuwa ameweka udi kwenye chetezo, moshi unafuka. Akakichukua kitambaa cha viua akakifunika juu ya mdomo wa chetezo, kama wanavyofukiza kofia za Idi, akakishika kingo pande zote ili moshi usipotee. Dirisha lilikuwa wazi, jua la asubuhi limeingia mpaka kitandani. Harusi, kichwa kwenye mto, alitazama.

Moshi ulitoka. Haukutoka pembeni, Bi Jaha alikuwa amepashika vizuri. Ulitoka juu, kwenye viua, uzi mmoja mmoja mwembamba kutoka kila ua, nane, na nane tena, na nane, ukapanda umenyooka ndani ya jua. Nakshi yote ilionekana imesimama hewani. Harusi kwanza alistaajabu kwa uzuri wake. Aliwaza, mbona unapita kote, haukosi hata kimoja? Akahesabu mstari wa kwanza, akahesabu wa pili. Katikati ya wa tatu akaacha kuhesabu.

"Mama," alisema. "Kiondoe."

"Hakijashika harufu bado."

"Kiondoe, Mama! Asiingie! Baba, usiingie!"

Mtoto akaanza kulia. Mzee Muhidin, ambaye mkono wake ulikuwa umekwisha kushika pazia, alisimama palepale.

"Kuna nini? Mtoto ana nini?"

"Mtoto mzima. Ni kitambaa, Baba." Harusi akamkumbatia mtoto kifuani. "Kina matundu. Nimekitoboa mwenyewe. Moshi unapita kama hakuna kitu, na kama moshi unapita, maji ya kinywa yanapita, na abiria wake. Nimekushonea uzuri wa mkakasi, Baba. Nisamehe."

Kisha mzee akasema, kwa sauti ambayo Harusi hakuwahi kuisikia, "Mwezi mzima nimekivaa. Nimekaa na watu. Nimekaa na wewe, na tumbo lako."

"Najua." Alikuwa akilia sasa. "Kesho tutakwenda sote kwa Sista, nyumba nzima na watu wa barazani, tukapimwe. Lakini leo usimkaribie mtoto nacho."

Bi Jaha alikuwa ameketi chini, kitambaa mapajani, akiingiza ncha ya kidole kidogo kwenye viua kimoja kimoja kana kwamba vitaziba kwa aibu. Mahdi akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu mzima anayetafuta neno. "Niende nikamwite Mbaruk? Yuko hapo nje tu, anakula tambi."

"Bafta ipo?" mzee aliuliza.

"Haipo, Baba. Yote imekwisha kwenye kofia za watu. Na leo Idi, maduka yamefungwa." Harusi akavuta khanga iliyokuwa miguuni mwake. "Hii nitaikunja mara nne. Si bafta, lakini nitaijaribu."

Bi Jaha akaitandaza, akasoma maneno yake kwa sauti: "Wivu wenu hauniumizi."

"Nimwambie mjukuu wangu jina la Mungu kwa mdomo huo?" akauliza mzee kupitia pazia, na ingawa hali ilikuwa ile, Bi Khamisa alilazimika kugeuka akacheke. Kisha wakasikia ndara zake zikiondoka, taratibu, kuelekea chumbani kwake.

Harusi alifumba macho. Amekwenda, aliwaza. Ataketi kitandani, hatatoka tena, na hiyo arobaini na tisa ndiyo sindano yake ya mwisho. Mtoto alikuwa amenyamaza, akimtazama. Harusi alimziba masikio kwa viganja vyake, asilisikie lolote kabla ya neno lake.

Wakasikia kasha likifunguliwa. Lina bawaba mbaya, mtaa mzima hulisikia.

Mzee Muhidin alirudi. Hakuingia, aliupitisha mkono wake chini ya pazia, na mkononi mlikuwa na bafta nyeupe, nzuri kuliko yoyote aliyowahi kushona Harusi, inanukia udi na kitu kingine cha mbali. Bi Jaha akaitambua. Akaweka kiganja kinywani.

"Muhidin. Hiyo ni ya Makka."

"Naijua ni ya wapi. Kata."

"Hiyo ni sanda yako!"

"Jaha, nimekwambia kata. Tabaka tatu, kama alivyosema mtoto. Na asitie ua hata moja."

Harusi alimwachia Bi Khamisa masikio ya mtoto, akaikata mwenyewe, amelala ubavu, kwa mkasi wa kofia. Alishona kwa mishono mirefu ya haraka, kamba nne, akampa mamake. Bi Jaha, bila kuombwa, alichukua tambuu akatafuna, akakifunga kinywani mwake akamsema Mbaruk maneno matano mazito. Wakakitazama nje. Peupe pe. Wakageuza upande wa pili uliokuwa mwekundu, wakakiona hakifai tena kwa heshima ya sikio la mtoto, na Harusi akakata kingine kutoka sanda ileile na kukishona upya, Bi Jaha akiomba radhi kwa kila mshono.

Mzee alipoingia, alikuwa amefungwa mdomo kwa bafta nyeupe tupu, chini ya kidevu, kwa namna ile ile aliyoapa hatafungwa akiwa hai. Macho tu ndiyo yaliyoonekana juu yake, na yalikuwa ya mtu hai kabisa. Alisimama upande wa dirisha, akainama kiasi cha mkono mmoja kutoka sikio la mtoto. Bi Khamisa akaondoa kiganja.

Aliadhini polepole. Sauti iliyozoea kufika mpaka ufukweni aliiminya ikawa ya kutosha chumba kimoja, na mavuto yote yalikuwapo. Bafta iliingia na kutoka mbele ya midomo yake. Alipofika "hayya alal-falah" akasita, na wote wakasita naye. Kikohozi hakikuja. Akamaliza, akahamia sikio la kushoto, akakimu. Mtoto alikuwa ametulia, amekunja uso kwa kusikiliza.

Harusi alikuwa na kioo chake cha wanja mkononi. Wakati babake anaadhini, alikishika mbele ya kitambaa, karibu na sikio la mtoto. Sasa akakigeuza kwenye jua. Kilikuwa na ukungu kidogo pembeni. Doa la maji halikuwapo hata moja.

Mzee Muhidin alitoka kama alivyoagizwa, hakungoja kupongezwa. Walimsikia ukumbini akikohoa ndani ya bafta, kisha akiomba ile soda. Bi Jaha alikuwa ameikunjua sanda iliyobaki juu ya mkeka, akiipima kwa shibiri, uso umemvimba kwa machozi.

"Imekuwa fupi," alimwambia kupitia pazia. "Muhidin, haikufikii miguuni. Utakwenda vipi mbele ya Mola wako na sanda fupi?"

"Siendi," akajibu mzee. "Sina sanda. Harusi!"

"Labeka, Baba."

"Kesho sindano ni ya hamsini, eti?"

"Ya hamsini, Baba."

"Uniamshe mapema," alisema. "Yule Mkamba, mtu akichelewa, huwa na foleni."